Simu Iliyoogopa Jua la Garissa

Mimi nauza maziwa ya ngamia. Nimekalia kona ileile ya soko la Garissa tangu binti yangu akinyonya, na sasa binti huyo ana binti wake anayesoma chuo. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kurudi na kikombe kuniambia maziwa yangu yamechacha kabla ya wakati. Sijisifu bure. Nasema ili ujue ni kitu gani kile kipande cha kioo kilitaka kuniharibia.

Kilikuja mkononi mwa msafiri, ndani ya kisanduku cheupe kizuri kuliko kasha nililoolewa nalo. Aliyekituma ni mwanangu anayefanya kazi ng'ambo. Akapiga simu kuuliza kama nimefurahi.

“Hooyo, hiyo ndiyo mpya kabisa. Ya mwaka huu.”

“Ya mwaka jana ilikuwa na nini?”

“Ilikuwa na macho mawili ya kamera. Hii ina matatu.”

“Mimi nina mawili, na niliyoyaona yanatosha.”

Akacheka. Hajui kwamba sikuwa natania. Mjukuu wangu, huyo wa chuo, ambaye anakaa nami mtaa wa Waberi na ana akili kuliko ukoo mzima, alikuwa ameshaiwasha na kuipapasa. Akanionyesha ndani yake picha ya watu wa kampuni siku walipoitoa. Mwanamume mmoja amesimama jukwaani na shati la kawaida tu, kiatu cha kutembelea nyumbani, ameinua simu juu kama mtu aliyeinua mtoto mchanga. Ukumbi umejaa. Akasema kitu, watu wakapiga makofi, wengine wakasimama.

“Amesema nini?”

“Amesema ukingo wake sasa ni mwembamba, ayeeyo. Na kuna rangi mpya.”

Nikamwambia arudishe nyuma nione tena. Watu wazima, waliokula wakashiba, wanapigia makofi ukingo.

Sasa usidhani mimi ni wale wazee wanaokataa kila kinachokuja. Nilizaliwa upande wa Takaba, na dada yangu bado yuko huko. Zamani alifiwa na mtoto, nami nikapata habari wakati kaburi limeshaota nyasi. Halafu simu zikaja. Siku ya kwanza niliposikia dada yangu anakohoa, yeye Takaba na mimi Garissa, nilikaa chini. Hicho kilikuwa kitu kipya. Baadaye pesa zikaanza kupita ndani ya simu, mwanamke akaacha kusafiri na noti zimeshonwa kwenye gauni. Hicho pia kilikuwa kipya. Hayo mawili nawapa, na mkono wa pongezi nawapa. Lakini tangu hapo, wallahi, nimekaa nangoja la tatu.

Simu yangu mimi ilikuwa kabambe, zile ndogo za vitufe. Imefungwa raba kiunoni kwa sababu mfuniko ulipotea. Ilikaa na chaji tangu Ijumaa hadi Jumatano, ilikuwa na tochi, na vitufe vyake nilivijua kwa kidole gumba bila kuangalia, maana kusoma kwangu ni kwa ngumbaru ya miezi michache. Kazi yake ilikuwa moja kubwa. Kule bara, mwendo wa saa tatu kwa gari, nina mwenzangu. Yeye ana ngamia, mimi nina soko. Asubuhi akimaliza kukamua anapanda kichuguu kirefu kilicho karibu na boma lake, kwa sababu mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, na ananipigia. Ananiambia ni jerikeni ngapi na gari gani. Wakati wa kuhama ananiambia ngamia wanaelekea wapi, tunapatana dereva azingoje jerikeni wapi. Nisiposhika simu, hana la kufanya ila kushuka kichuguu. Biashara yetu yote, ya miaka zaidi ya ishirini, imesimama juu ya mwito huo mmoja.

Wiki ileile ya simu mpya akapita yule mchuuzi mwenye kipaza sauti, anayekusanya simu mbovu na kutoa vyombo vya plastiki. Mjukuu wangu akahamishia laini yangu kwenye simu mpya, akampa kabambe yangu, akaleta beseni la buluu. Nilikuwa sokoni. Niliporudi akaniambia kwa furaha, “Ayeeyo, tumepata beseni.” Sikumgombeza. Alidhani ananiondolea aibu.

Mateso yakaanza kesho yake. Kwanza ile simu ilitaka kunijua kwa kidole, na kidole changu ikakikataa. Miaka ya kamba za jerikeni imefuta mistari yote, hakuna cha kusoma. Kisha ikataka uso. Uso ikaukubali nyumbani, lakini sokoni nikijifunika kuzuia vumbi inaniona mgeni. Mimi na umri wangu nikawa najifunua mbele ya simu kama mtu aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha polisi.

Hayo nikayavumilia. Kilichonishinda ni jua. Nilikuwa nimeiweka mezani kando ya vikombe, saa sita haijafika, ikaandika maneno na kuzima kioo. Mjukuu wangu alikuwa amepitia pale kunywa maziwa, akanisomea.

“Inasema imepata joto sana. Ingoje ipoe.”

“Ipoe wapi? Hii ni Garissa.”

“Tuiweke kivulini.”

“Iko kivulini.”

Nikamwuliza watu waliotengeneza kitu hiki wanaishi wapi, akataja mahali pa baridi. Nikasema haya, basi wakiuze hukohuko.

Siku ya pili nilikuwa peke yangu, ikafanya vilevile. Nikafanya ninavyojua. Jerikeni ya maziwa hatuiachi uchi juani. Tunaifunga gunia lililoloweshwa, upepo unapita, na maziwa yanafika yakiwa baridi kutoka bara. Hii simu mjukuu wangu aliniapia kwamba hata ikitumbukia mtoni haifi. Kwa hiyo nikakata kipande cha gunia, nikakichovya, nikaifunga vizuri, nikaiweka juu ya jerikeni. Haikupita muda ikafumbua jicho. Nilijiona fundi. Nikaiacha humo mpaka alasiri.

Nyumbani, chaji imebaki kidogo kama kitone, tukachomeka waya. Ikakataa. Ikachora tone la maji.

“Kuna maji kwenye tundu la chaji,” mjukuu wangu akasema. “Haitachaji mpaka ikauke.”

“Si uliniambia haiogopi maji?”

“Haiogopi, ayeeyo. Ila ikiwa na maji haichaji.”

“Hata mimi simwogopi fisi, ila siwezi kulala naye kitanda kimoja.”

Akaizika ndani ya mchele, kwa sababu ndivyo alivyosikia watu wanafanya. Mchele wetu wa chakula. Ikalala humo siku mbili kama mgonjwa wa kifalme, na siku hizo mbili ndizo mwenzangu alizokuwa anahama.

Siku ya tatu asubuhi gari la maziwa likaingia sokoni. Nikasimama, kwa sababu niliona jerikeni zangu. Zina kitambaa chekundu kwenye mpini, nilikifunga mwenyewe. Dereva akazishusha, akanipita, akaziweka mbele ya mwanamke wa meza ya jirani.

“Hizo ni zangu,” nikamwambia.

“Najua, mama. Lakini mwenye ngamia ameniambia wewe hupatikani. Amesema nimpe yeyote mwenye simu inayoita.”

Yule jirani hakunicheka. Angenicheka ingekuwa afadhali. Aliinamisha macho, akaanza kufungua vitambaa vyekundu kimojakimoja, na kunirudishia.

Sikuwa na hata kikombe cha kuuza. Nikamchukua mjukuu wangu na ile simu, ambayo sasa ilikuwa imekauka na kuchaji na kung'aa kana kwamba haijafanya lolote, tukaenda kwenye duka kubwa la simu. Kijana wa pale alikuwa na nywele za mafuta na ulimi wa mafuta, na mara moja nikawa eedo wake, shangazi.

“Eedo, tatizo la hii ni moja tu. Imeshapitwa. Kuna nyingine imetoka juzi.”

“Juzi? Hii ina wiki tatu.”

“Dunia inakimbia, eedo. Hiyo mpya ni kitu kingine kabisa.”

Marehemu mume wangu alikuwa dalali kwenye soko la mifugo. Pale wanaume wenye mali hawasemi bei kwa mdomo. Wanashikana mikono chini ya shuka, vidole vinaongea, na mtu hadanganyiki na maneno matamu ya mwenzake. Nikavua shali yangu ya juu, nikaitandaza kwenye meza ya kioo.

“Lete hiyo mpya. Ingiza mikono chini ya shali, ufumbe macho.”

Alidhani ni mchezo, akaingiza. Nikaziweka zote mbili chini ya shali, nikazizungusha, nikampa moja kila mkono.

“Nionyeshe ya juzi.”

Akapapasa. Akapima uzito. Akapitisha kucha ukingoni, ule waliopigia makofi. Wateja wawili wakasogea. Alichukua muda mrefu kuliko mume wangu alivyochukua kununua fahali.

“Hii.”

Nikafunua shali. Ilikuwa yangu, bado ina punje ya mchele kwenye tundu la chaji.

Mjukuu wangu alitoka nje kwa kicheko. Yule kijana akajipanga upya. “Mabadiliko yako ndani, eedo. Hayaonekani kwa nje.”

“Mimba ya ngamia pia haionekani mwanzoni,” nikamwambia. “Lakini anabeba mwaka na kidogo, kisha anazaa, unamwona ndama amesimama. Nyinyi kila mwaka mna mimba. Ndama yuko wapi?”

Mteja mmoja akasema hata tundu la waya wa masikioni wameliziba, sasa wanauza kando visikilizio visivyo na waya. Nikamwambia ndiyo kazi iliyobaki, kuchukua kitu kilichokuwemo na kukuuzia pembeni. Kisha nikamwuliza kijana kama ana kabambe. Akainama chini kabisa ya meza, akaangalia mlango kwanza, kama mtu niliyemwomba bangi. Alikuwa nazo nyingi. Laini yangu ilikuwa ndogo mno kwa tundu lake, akaiingiza kwenye fremu ya plastiki, ikashika.

Lakini kabambe mpya haikuweza kumrudisha mwenzangu. Bomani kwake simu haiingii. Ni yeye anayenipigia mimi, na alikuwa ameacha kupiga. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilipanda gari la maziwa, mimi mzee, katikati ya jerikeni tupu zinazogongana. Nilibeba lile beseni la buluu, ndani yake sukari, majani ya chai na kipande cha kitambaa cha gauni. Kwa miaka hiyo yote nilikuwa nimemwona uso labda mara tano.

Nilimkuta anafukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi. Hakuinuka haraka. Aliniita dada, kama siku zote kwenye simu.

“Abaayo. Kumbe uko hai.”

“Niko hai.”

“Mara nne nilipanda kichuguu, na mguu wangu huu mbovu unaujua. Yule mwanamke wa ndani ya simu ananiambia hupatikani. Nikamwuliza, amekufa? Akarudia yaleyale. Nikamwuliza, ni mgonjwa? Yaleyale. Nikamsomea dua kwa niaba yako.”

“Simu yangu ilipata joto.”

Akaniangalia. “Simu?”

“Ilipata joto, nikaifunga gunia. Halafu ikapata maji, ikalala kwenye mchele.”

Akaweka kibuyu chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaniomba nirudie, nikarudia, akamwita binti yake atoke aje asikie. Nilimwacha acheke. Alikuwa na haki. Alipomaliza akajifuta macho, na sauti ikabadilika.

“Maziwa ya siku mbili niliwapa mbuzi, abaayo. Siku ya tatu ningefanya nini?”

Nikatoa kabambe, nikaiweka kwenye kiganja chake. Akaigeuza, akaikwaruza kwa kucha, akawasha tochi mchana kweupe.

“Inaita?”

“Inaita.”

“Nimeshaambiwa maneno mengi. Rudi kule barabarani, kwenye kile kichuguu kingine chenye mtandao. Mimi napanda changu.”

Nikatembea. Jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa, mchanga unaunguza kupitia kandambili. Kutoka kichuguu changu nilimwona juu ya chake, mdogo, ameshika gauni kwa mkono mmoja. Kabambe ikalia mkononi mwangu, moto kama jiwe la mekoni, na haikulalamika.

“Ni wewe?”

“Ni mimi. Si unaniona.”

“Kuona sikutaki. Kesho nakupa jerikeni mbili. Zilizobaki ni za yule mwanamke, aliniokoa, siwezi kumnyang'anya. Nitakupigia mwezi mzima, na kila siku utashika. Ndipo tuongee.”

“Nitashika.”

“Na hilo beseni?”

“Ni lako.”

“Ni zuri,” akasema. “Ulilipata wapi?”

Nikamwambia lilitoka kwenye simu. Akakata, kwa sababu kicheko kilikuwa kinamshusha kichuguu.