Mama amenishusha jukwaani na kitenge chake

Jamani, leo mama yangu amenishusha jukwaani katikati ya wimbo!

Ilikuwa konseri yetu ya nyimbo hapa Rumonge, mu ukumbi wa parokia. Nilikuwa naimba aria, wimbo wa opera wa Kitaliano, wa mwanamuke aliyekimbiwa na bwana yake. Kufika sauti ya juu, watu makofi.

Mama akapanda. Akanifunika kitenge chake mabegani.

"Mutoto wangu analia, na nyinyi munamupigia makofi?"

Watu wakacheka. Mimi nikashindwa kumaliza, akanishika mukono tukashuka.

Kwetu mwanamuke akilia, haachwi amesimama peke yake. Lakini mama hajui Kitaliano, jamani. Na sijaambia mutu kwamba bwana yangu, tangu avuke ziwa kwenda Kalemie, hashiki tena simu yangu.

Sasa tuko nyumbani. Mama ameketi mbele yangu. Anangoja nimuambie.

Mungekuwa mimi, mungeanzia wapi?