Bunduki Iliyolishwa Samli

Kutoka Lodwar nilikuja kwa malori, nikilala juu ya magunia hadi Kitale, kisha Eldoret. Nilipoteremshwa Chepseon mvua ilikuwa inanyesha, na mashamba ya chai yalikuwa ya kijani mpaka macho yakauma. Nilikuwa nimezoea vumbi. Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani, kazi ambayo mtu anaweza kuibeba begani. Nikapangisha chumba kwa mzee mmoja mkulima na mke wake, ambaye sote tulimwita kogo, yaani nyanya.

Mzee alikuwa na bunduki aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambaye naye alipewa na mzungu aliyekuwa anahama. Kibali kilikuwa halali. Lakini afisa wa polisi alikuwa amemwambia: ikifanya kazi, abaki nayo, ikiwa mbovu, itachukuliwa ikayeyushwe. Na ilikuwa imekwama kabisa. Afisa angekuja Jumatatu.

"Wewe mtu wa samaki," mzee akaniambia, kwa kuwa kwetu ni ziwani, "si unafungua cherehani? Hata hii ni chuma."

"Mzee, cherehani haiui."

"Hii imeua nguruwe mwitu tu."

"Na mbuzi wa kanisa," kogo akadakia kutoka jikoni.

Mzee alihakikisha haina risasi, akaketi kando yangu. Nilipotoa skrubu ya kwanza, harufu ikanipiga: samli. Baba yake alikuwa akiipaka samli ya nyumbani, kama wazee wao walivyopaka ngozi zao zisikauke, na mzee mwenyewe akaendelea vivyo hivyo. Ndani ilikuwa imeganda, nyeusi kama lami.

"Mmeilisha mpaka imevimbiwa," kogo akacheka. Mzee hakucheka.

Niliiosha kwa mafuta taa, na hapo ndipo nilipoanza kuona. Zamani watu walikuwa na gobore: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unafyatua, unaanza upya huku mnyama anakutazama. Hii iliundwa Marekani, enzi ambazo reli haijakamilika kujengwa hapa kwetu. Risasi zinalala ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kile chuma kinachozunguka vidole ndicho wenzo. Ukikisukuma chini, ganda tupu la risasi iliyopigwa linaruka nje, nyundo ya kuigonga risasi inalala nyuma, risasi mpya inainuliwa. Ukikirudisha, risasi inaingia mahali pake na kipande kinene cha chuma kinapanda kufunga nyuma yake. Mkono mmoja tu, kushuka na kupanda. Nimefungua vyerehani vya kila aina, lakini pale nilikaa na vidole vyeusi, nikimwaza yule aliyeyaona haya yote kichwani kabla hayajawa chuma.

Jumatatu afisa alivuta wenzo. Klak-klak. Akavuta tena, nadhani kwa raha yake tu.

"Mzee, hii itatuzika sisi sote," akasema, akamrudishia.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili.

Alitaka nikae, akanionyesha hadi mahali pa kujenga. Lakini miguu yangu haijawahi kunisikiliza. Asubuhi niliyoondoka alinisindikiza hadi mwisho wa shamba lake la chai. Nikampa chupa yangu ya mafuta ya cherehani, nikamwambia hayo ndiyo ayatumie, tena kidogo.

Akaigeuzageuza mkononi.

"Baba huko aliko atasema nimeinyima samli," akasema, akaitia mfukoni.

Sikurudi tena.