Mkono wa Dagane Chini ya Shuka

Dagane hataki kuwaona watu wa suti, na ana haki yake. Miaka thelathini amekuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa. Bei huko haipigiwi kelele. Mnapenyeza mikono chini ya shuka, vidole vinasemezana, na mkono ukibanwa mara ya mwisho, neno limefungwa. Anayerudi nyuma hapo hana jina tena.

Mwaka jana akaja ofisa wa Nairobi, Murithi, mtu wa maneno laini. Akaita baraza, akaeleza kwamba dunia ya leo haina mkubwa mmoja, wakubwa ni wengi, na nchi yetu haichagui upande, ni rafiki wa wote. Rafiki mmojawapo, nchi moja ya Ghuba, atanunua ngamia wa hapa. Dagane akamwuliza kama ana hakika. Murithi, kamera zikimtazama, akaingiza mkono chini ya shuka la mzee, akambana mkono kweli kweli.

Kwa Dagane neno lilikuwa limefungwa. Akaenda hadi kijiji cha Hadado, akawapa wafugaji mkono wake, nao wakateremsha ngamia mia mbili hadi Garissa wakati wa kiangazi kikali.

Wiki ya tatu serikali ikamtandikia zulia jekundu mkubwa wa nchi hasimu ya ile ya Ghuba. Ile ya Ghuba ikanuna, ununuzi ukafutwa. Ngamia wakabaki kwenye boma la karantini, wasikoruhusiwa kutoka, bila malisho, wakaanguka mmoja mmoja, wenyewe wakitazama. Urafiki na wote, ati! Ngamia hali urafiki. Murithi hakuonekana, simu hakushika. Watu wa Hadado walimlaani Dagane, si serikali, maana serikali hawakuishika mkono.

Juzi Murithi amerudi, hana hata haya. Anatafuta dume nono la kuwachinjia wageni wengine, wa upande mwingine tena. Akamkuta Dagane peke yake kwenye ukuta wa soko, akapenyeza mkono chini ya shuka lake.

"Haya mzee, tuongee."

"Tangu Hadado hakuna aliyenipa mkono," Dagane akasema. "Wewe ndiye wa kwanza."

"Pole, mzee. Lakini siku ile ilikuwa ya picha tu. Mambo ya nje yanabadilika kila siku."

Dagane akalivuta shuka lake, mkono wa Murithi ukabaki wazi mbele ya soko zima.

"Basi nenda," akasema. "Hapa hatupigi picha."