Milango Iliyogoma Kufunga

Saa moja na nusu asubuhi, fundi bodi amelala chali juu ya katoni, kichwa chini ya gari la mwalimu mmoja mteja wake, miguu nje kwenye ua wa nyumba yake. Grainda ya kukatia bati inanguruma, kisha inanyamaza. Hatoki. Anabaki pale pale, amefumba macho.

"Napumzika tu," anasema. "Mgongo wangu ukishalala, hautaki tena kuinuka."

Ana miaka hamsini na tisa. Thelathini na moja kati ya hiyo ameimaliza akikata bati lililoliwa na kutu na kuchomelea jipya. Siku hizi anafanyia kazi nyumbani, kati ya karo la kufulia na dirisha la jikoni. Kwa kawaida hutoa magari mawili kwa mwezi. Mwezi huu halijatoka hata moja, na hana wa kumlaumu.

Chini ya milango ya gari kuna vizingiti, navyo ndivyo vinavyolishika lisikatike kiuno. Vya gari hili vilikuwa vimeoza, bisibisi inazama kama kwenye mkate. Kabla ya kuvikata, fundi huchomelea kwanza, kila upande, chuma cha kukingama uwazi wa mlango, gari lisilegee. Kanuni hiyo amewafundisha mafundi tisa, tena kwa ukali. Wiki mbili zilizopita, akiwa hoi, alikata pande zote mbili bila chuma. Gari likabonyea katikati taratibu, asione. Alipomaliza kuchomelea bati jipya, milango ya nyuma ikagoma kufunga.

"Mganga hajigangi," anasema mkewe, akianika nguo. "Nilimwambia apumzike, akanijibu kutu haipumziki. Haya, nani kashinda?"

Njia ya mkato ilikuwepo: asage kidogo kingo za milango, apake puti na rangi, ifunge. Fundi anakiri kwamba alishashika grainda.

"Nikakumbuka mwalimu anavyopakia wajukuu zake kiti cha nyuma. Gari lililopinda namna hii likigongwa ubavuni linajikunja lote. Nikaiweka chini. Lakini sikulala siku mbili, nikitafuta pa kuanzia kumwambia."

Jana mwalimu, mama mstaafu asiye na maneno mengi, alikuja kulichukua gari lake.

"Mama, nimekosea," fundi akamwambia. "Nimelipindisha. Naomba nikate upya, uniongezee wiki mbili."

Mwalimu alilizunguka gari, akajaribu mlango mmoja, ukagoma.

"Ungenificha, ningejua?"

"Usingejua, mama."

"Basi chukua hizo wiki mbili. Ila kwanza nenda kalale, baba. Macho yako mekundu."

Alilala saa kumi mfululizo. Leo amelinyanyua gari kwa jeki mpaka milango ikakaa sawa, na sasa anavitoa vizingiti alivyovichomelea mwenyewe. Anasema hili ni la mwisho la kulala chini. Baadaye atapokea milango na boneti tu, kazi za mezani, akiwa amesimama.

"Amelisema hilo magari manne yaliyopita," mkewe anadakia.

"Safari hii ni kweli," anasema fundi, bila kucheka. "Zamani nilikuwa naogopa mgongo. Sasa najiogopa mwenyewe."

Anajisukuma tena chini ya gari. Kabla grainda haijaanza, sauti yake inatoka huko chini.

"Mama watoto, hebu niangalizie. Chuma nimekiweka?"

Mkewe anaweka beseni chini, anazunguka gari, anashika chuma cha upande mmoja, kisha cha pili, na kuvitikisa.

"Vipo," anasema. "Vyote viwili. Kata."