Dada, Kampuni ya Ndoo na Bwana Samahani

Simu ililia katikati ya usaili, mume wangu akiwa amevaa koti.

Koti hilo lazima nilieleze. Ni la harusi yetu, tumboni halifungi tena, na kazi iliyolibakia ni moja tu: kumgeuza fundi seremala kuwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya kutengeneza ndoo. Kampuni yenyewe haipo. Aliibuni dada yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi chuo kikuu, kitivo cha biashara, kwenye ofisi ya kuwaandaa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutafuta ajira. Ofisi yake ilibanwa kati ya chumba cha fotokopi na choo, na mtu hawezi kueleza malengo yake maishani huku maji yakivutwa ukutani. Ndipo akauhamishia usaili wa mazoezi sebuleni kwangu. Mume wangu mkurugenzi, mimi ofisa utumishi, dada mwenyewe nyuma ya pazia la jikoni, anasikiliza.

Siku hiyo dada alikuwa amelazwa hospitali, bintiye akimuuguza. Alituagiza tusiahirishe. Kitini alikaa kijana tuliyembandika jina la Bwana Samahani, kwa sababu hajawahi kujibu swali bila kuomba radhi kwanza. Ukimuuliza anaitwa nani, samahani. Ukimkaribisha chai, samahani, nitakunywa. Alishakataliwa kila alikokwenda kuomba kazi, na keshokutwa yake alikuwa na usaili mwingine, wa kweli.

Dada alikuwa na utaratibu wake. Katikati ya mazoezi lazima simu yangu ilie, mpigaji akiwa yeye huko jikoni, na anayesailiwa aendelee kuongea kana kwamba hakuna kitu. "Mabosi wanapokea simu mbele ya macho yako," alikuwa akisema. "Ukinywea tu, umekwisha." Kwa hiyo simu ilipolia, Bwana Samahani alijua ni mtihani, dada anapiga kutoka hospitali.

Nikapokea. Alikuwa binti wa dada.

"Mama mdogo," akasema, "mama ametutoka."

Nikabaki na simu sikioni. Kijana akaendelea. Akaeleza atakavyoziuza ndoo mashuleni. Akapandisha sauti. Akaingia kwenye mifuniko. Machozi yaliponitoka alinitazama kwa heshima, kama mtu anayemtazama mwigizaji hodari, akahamia bei ya jumla. Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila samahani hata moja.

"Mkurugenzi," nikamwambia mume wangu, maana jina jingine halikunijia, "dada amefariki."

Mume wangu akavua koti. Hapo ndipo kijana alipoelewa, kwa sababu mkurugenzi huwa havui koti kabla usaili haujaisha.

Ninayeandika haya niliishia sekondari, na sijui wasomi huandikaje habari za marehemu. Nitaandika kama ninavyomkumbuka.

Dada aliajiriwa kwa makosa, na hakulificha hilo. Alipokwenda kwenye usaili wake wa kwanza pale chuoni, akiwa msichana, alifika mapema akakuta chumba kitupu, akachagua kiti kizuri kuliko vyote. Wazee wa jopo walipoingia wakamkuta nyuma ya meza kubwa. Akawaambia, "Karibuni, ketini." Wakaketi. Akawauliza habari za safari. Mmoja wao akaanza kueleza alivyosumbuliwa na gari, na alipofika kwenye radieta ndipo wakashtuka wote kwa pamoja. Wakampa kazi ya mapokezi, wakisema mtu wa namna hiyo ni heri awe wa kwao.

Tangu hapo aliamini kwamba woga ni suala la mazoezi. Alimwomba mume wangu akate mguu mmoja wa kiti chetu ili kiyumbe, na wanafunzi wote walikalia hicho. "Shemeji, unaniharibia jina," mume wangu alilalamika. "Watu watasema fundi gani huyu, kwake viti vinacheza."

"Waambie ni kiti cha chuo kikuu," dada akamjibu.

Barua za kuomba kazi alizisoma kwa sauti, na hapo ndipo wanafunzi walipoona cha moto. Karibu wote waliandika kwamba wana uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. "Shinikizo gani?" alimuuliza binti mmoja mbele yangu. "Nani amewahi kukushinikiza wewe?"

"Mama yangu, Madam."

"Ufanye nini?"

"Niwahudumie wateja wa duka huku nimembeba mdogo wangu analia."

"Sasa mbona hujaandika hivyo? Mwandike na huyo mdogo wako."

Kila zoezi alilifungua kwa sala, na sala zake hazikuwa fupi. Alimtajia Mungu sifa za mwanafunzi moja baada ya nyingine, kama anayemwombea kazi huko huko mbinguni. Wanafunzi wa dini zote waliitikia amina. Mmoja alisema kama Madam angeruhusiwa kuingia naye kwenye usaili amwombee tu, asingehitaji vyeti.

Jambo moja alilomkataza mume wangu ni kumwajiri mtu. "Ukimwajiri hapa, shemeji, atabweteka." Kwa hiyo kampuni ya ndoo ilikataa watu miaka yote, wenye alama nzuri na wenye mbaya, bila upendeleo.

Jioni ya siku ile ya msiba Bwana Samahani hakutaka kwenda kwao. Alikaa kwenye kiti kile kinachoyumba, ameinamisha kichwa.

"Samahani, sitakwenda keshokutwa," akasema. "Madam anakata roho, mimi nauza ndoo. Nitakwenda na uso gani?"

Binti wa dada alikuwa ameshafika kutoka hospitali, macho yamevimba. Akamwambia, "Kaka, asubuhi mama ameniuliza usaili wako ni lini. Nikamwambia. Akasema, mwambie hata nikifa aende. Mimi kaburini sitoki, lakini nafasi ile itatoka. Akacheka mpaka nesi akaja kutugombeza."

Kijana akatikisa kichwa. "Samahani, siwezi."

Mume wangu akainuka, akalichukua koti, akamvisha mabegani. Lilimpwaya kama pazia.

"Mimi ndiye mkurugenzi hapa," akasema. "Kwa ndoo ulizoniuzia leo, nimekuajiri. Nenda kawaambie hao wengine kwamba wamechelewa."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amevunja amri ya dada, naye hajafunikwa hata na udongo. Namwomba Mungu amfikishie dada kwamba ilikuwa kwa nia njema.

Tulimzika keshokutwa yake, alasiri. Mchungaji alisoma, kwaya yetu ikaimba, nami niliimba sauti yangu mpaka ubeti wa pili, kisha nikashindwa. Bwana Samahani alifika jeneza likiwa bado juu, anahema, mikono imepotea ndani ya koti. Mchungaji aliomba mmoja wa wanafunzi aseme neno. Wakamsukuma mbele yeye.

Hakututazama sisi. Alilitazama jeneza.

"Madam, nimetoka kwenye usaili," akasema. "Kiti chao hakiyumbi, nikakosa pa kujishikilia. Simu ya mwenyekiti ililia, nikaendelea kuongea. Akanionyesha mkono ninyamaze, nikaendelea. Akatoka nje na simu yake, nikawageukia waliobaki. Aliporudi nilikuwa nimefika kwenye bei ya jumla. Wamenichukua, Madam. Asante."

Watu walicheka, na wengine walilia katika kicheko hicho hicho. Aliporudi nyuma alimkanyaga mchungaji.

"Samahani," akasema.

Jeneza likashushwa. Binti wa dada alitupa udongo wa kwanza, nikafuata mimi, kisha mume wangu, kisha wanafunzi kwa foleni. Wanaume wakashika makoleo. Tukaweka maua, mchungaji akafunga kwa sala, tukaitikia amina, tukarudi nyumbani kwa miguu.