Siku Nne za Kuchungulia Ufizi wa Shemeji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jiko la Mama Vikopo bado limelala. Mwenyewe yuko mtaa wa pili, kapiga magoti kwenye sebule isiyo yake, anainua mdomo wa mbwa mzee kwa kidole gumba na kuchungulia ufizi.

"Pinki," anasema. "Au siyo? Fundi, njoo uangalie, macho yangu siyaamini."

Fundi cherehani mstaafu, mwenye nyumba na mwenye mbwa, anavaa miwani, anainama. "Pinki iliyochoka," anajibu.

Leo ni siku ya nne.

Mbwa anaitwa Shemeji. "Alikuja kama kusalimia tu, akala, akalala, hajaondoka mpaka leo," anasema fundi. Hiyo ni miaka kumi na miwili sasa, na meno yaliyobaki ni ya kuhesabu.

Meno hayo ndiyo yaliyoanzisha kazi. Mama Vikopo, mwenye miaka 46, alipika kantini ya kiwanda kwa miaka kumi na mmoja, hadi ilipofungwa. Fundi alipomlalamikia kwamba mbwa hawezi kutafuna, alimpikia wali laini, nyama ya kusaga, maini kidogo na boga, bila chumvi. Shemeji alilamba bakuli mpaka likahama chumba!

Habari zikaenea. Sasa anapikia mbwa tisa, kila mmoja na kikopo chake chenye jina, na kilo sita za nyama hupita jikoni kila siku.

Watu wanacheka, ndiyo. "Muuza mboga ananiuliza, 'Mama, waheshimiwa leo wanataka saladi?' Namwambia nipe boga, acha maneno."

Jikoni kwake sheria ni moja: moto wa kushoto wa mbwa, wa kulia wa binadamu, na kitunguu hakivuki. Kwa mbwa kitunguu ni sumu. "Mimi mpishi, kitu cha kwanza nilichojifunza ni kukaanga kitunguu," anasema. "Mwezi mzima mkono ulikuwa unakifuata wenyewe."

Ijumaa iliyopita mawingu yalitanda, akatoka mbio kuanua nguo. Mama mkwe, aliyekuja kukaa nao wiki hiyo, akaona sufuria ya kushoto inakauka. Akaokoa jahazi. Alichota supu ya kulia, yenye vitunguu vitatu na saumu, akamimina pawa mbili, akakoroga vizuri.

Vikopo vikaenda kwa wenyewe. Ndipo bibi akasema, uso umemjaa furaha, "Mwanangu, leo mbwa wako watakula utamu. Nimewatilia supu."

"Supu ipi, mama?"

"Si hii yetu? Kwani wao hawana ulimi?"

Mama Vikopo alipiga simu nane, vikopo vinane vikazuiwa kabla mbwa hawajavigusa. Simu ya fundi ikaita mpaka ikakata. Akakimbia na kandambili moja, nyingine iliishia njiani. Alipofika, kikopo kilikuwa kitupu na Shemeji anajilamba pua.

"Nilisimama mlangoni nikawaza niseme napita tu," anakiri. "Nani angejua?"

Alisema. Fundi hakumgombeza, na hilo ndilo linalomtesa zaidi. Alijibu tu, "Mshike miguu ya nyuma, twende."

Daktari wa mifugo alimtapisha mbwa kadiri alivyoweza, akawaonya kuwa sumu ya kitunguu haina haraka, inakula damu polepole. Siku tano waangalie ufizi na mkojo. Ufizi ukipauka, wamrudishe mbio.

Tangu hapo moto wa kushoto haujawashwa, na ndio unaosomesha watoto wake wawili. "Wateja wanauliza, nawaambia subirini. Huyu akianguka, mimi sipiki tena hata uji."

Mama mkwe naye hali, halali. Kila mkwewe akirudi anamdaka mlangoni: "Kakojoa rangi gani?"

Mama Vikopo ana mpango. Anataka kukodi chumba kidogo, jiko la mbwa peke yake, mlango wenye kufuli. "Na ufunguo nitalala nao shingoni."

Lakini fundi hajasema kama atapokea chakula chake tena. Leo mpishi anajikaza, anauliza huku anamtazama mbwa. "Kesho ikipita salama, fundi, nilete kikopo?"

Fundi anavua miwani, anaifuta taratibu mno.

"Lete. Ila uje na mama mkwe wako, akionje kwanza mbele yangu."

Mama Vikopo anacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha anaweka kiganja kwenye mbavu za Shemeji, anasikiliza pumzi, ndipo anaondoka.

Nyumbani anafikisha ujumbe. Mama mkwe anameza mate.

"Hakina hata chumvi?"

"Hata punje, mama."

"Basi niwekee kijiko kikubwa. Mungu ampe uzima, nitakula."