Chungu Hakiitwi Mezani

Nishawahi kupigiwa makofi na watu niliokuwa nawasema.

Walisimama wote, kama arobaini hivi. Mama mmoja wa kizungu alifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Ilikuwa hivi.

Naitwa Igoki. Mwaka wa 2008 nilitoka kwetu Gachoka nikaenda kuwa weita kwenye hoteli moja ya watalii, upande wa Timau. Sikuwa na mali yoyote ya maana. Nilikuwa tu na A ya Kiswahili na daftari la mashairi.

Jikoni nilimkuta mzee wa Kangeta, Salesio. Alikuwa amepika pale miaka ishirini na miwili. Kila mpishi mkuu aliyeletwa kutoka ng'ambo, ni Salesio aliyemfundisha kazi. Jiko lipi lina hasira. Nyama nzuri inatoka wapi. Njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, zilowekwe saa ngapi.

Akishajua, mzungu anapewa ofisi. Salesio anarudi kwa moshi.

Mwaka huo mpishi mkuu akaondoka. Sote tulijua safari hii ni ya mzee. Hata yeye alienda kunyolewa.

Jumatatu akashuka kijana kutoka Uingereza, miaka ishirini na sita.

Meneja wetu, Bwana Desmond, mzungu pia, akamwambia Salesio mbele yetu, "Mwonyeshe kazi."

"Sawa, bwana."

Nilimfuata stoo. "Mzee, si ungeuliza kwa nini?"

"Niliuliza zamani, mwanangu. Nikaambiwa wageni wanapenda kuona sura fulani ikitoka jikoni."

Sura fulani. Hayo maneno yalinikaa kooni wiki nzima.

Sasa mimi weita tu, ningemwambia nini boss? Ningefukuzwa kabla ya lunch. Lakini chungu hakifukuzwi. Nikakipa chungu maneno yangu:

*Chungu chabaki jikoni, sahani yenda mezani,*
*Moshi wote kifuani, sifa ni za sebuleni,*
*Weusi ni kosa gani, hata kisiitwe ndani?*

Hoteli ilipofanya sherehe ya kuadhimisha kufunguliwa kwake, wafanyakazi tuliombwa tutumbuize. Nikajitolea.

Nilikariri nikimwangalia Bwana Desmond machoni. Salesio alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, aproni mkononi.

Nilipomaliza, Bwana Desmond akachukua maiki awatafsirie wageni. Mistari miwili ya kwanza aliitafsiri vizuri. Wa tatu hakuutaja. Alisema tu ni shairi la kusifu mapishi ya kienyeji.

Ndipo wakasimama kupiga makofi.

Kesho yake Salesio alinivuta kando. "Hakuelewa yule. Nenda umfafanulie. Akielewa, huenda."

Hakumalizia. Lakini nilikuwa sijawahi kumsikia mzee akisema "huenda".

Nikaenda ofisini.

"Bwana, jana kuna mstari ulikuruka."

"Haukuniruka," akasema. "Nimezaliwa hapa Timau, Igoki. Kiswahili nilifundishwa na yaya kabla ya Kiingereza. Chungu ni Salesio. Sahani ni sisi. Ni shairi zuri."

Akanisogezea menyu mpya.

"Utalisoma kila Jumamosi, wageni wamelipenda. Nimeliweka pia kwa menyu. Na Salesio atasimama nyuma yako ameshika chungu, ipendeze."

"Lakini bwana, hilo shairi linalalamika."

"Litalalamika mpaka lini? Kitu kikishapigiwa makofi hakiumi mtu tena."

Alisema polepole, bila hasira. Kisha akashika simu.

Nilimwambia Salesio yote. Aliendelea kumenya viazi.

"Kwa hivyo walikuwa wanajua," akasema. "Miaka yote hii mimi nilidhani hawajui."

Jumamosi alisimama nyuma yangu na chungu, amevalishwa shuka ambalo kwao Kangeta hakuna anayelivaa. Aliendelea hivyo mwaka mmoja, halafu akarudi nyumbani bila kuaga. Mimi nilikuwa na mtoto wa kulea. Nikaendelea kulisoma shairi.

Shuleni tulifundishwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hatukufundishwa utafanya nini mwerevu akiling'amua na asijali.

Kama una neno na mkubwa wako, mwambie wazi. Sisemi litasaidia.

Angalau hatakupa maiki.